Ombi la Kurudishiwa Mto Chini ya Nyumba

Kwa Bwana Mkuu wa Wilaya,
Bangkok.

Bwana Mkuu mwenye heshima zako,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na mkeo, na kwamba lile jino lililokuvimbisha shavu siku uliyokuja kutuhamisha limekwisha kung'olewa. Sisi huku hatujambo, ila ni nusu hatujambo, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayonifanya niandike.

Mimi ni Pruang, mjane, muuza mafuta ya taa. Utanikumbuka: ndiye niliyekutilia chai ukaiogopa kwa sababu nyumba ilikuwa ikiyumba. Wakati ule nyumba yangu ilielea mtoni juu ya mafungu ya mianzi, ubavuni mwa nyumba ya mdogo wangu Chaem, nayo ikielea vilevile. Ukatuambia kwamba zama mpya zimeingia, mto sasa ni wa meli, na watu wastaarabu hukaa nchi kavu. Tukapanda. Tukapewa viwanja vilivyoshikana, nyumba zikasimamishwa juu ya nguzo, nawe ukaenda zako umefurahi. Sasa nakuomba kwa unyenyekevu uje uone ulichokifanya.

1. Nyumba haiendi.

Usicheke, Bwana Mkuu. Zamani mtu akikorofishana na jirani alingoja maji yaanze kupwa, akafungua kamba, akashika upondo, akateremka na mto yeye na nyumba yake, na jiko lake, na paka wake. Maneno ya nini? Mwezi uliopita nilikorofishwa. Nikatoka nje kwa heshima zangu zote, nikachukua upondo wangu, nikauegemeza kwenye nguzo, nikasukuma. Nilisukuma mpaka muuza tambi anayepita mtaani akatua mzigo wake ili aangalie vizuri. Mwishowe akaniuliza, "Bibi, unaipeleka wapi?" Nikamwambia hayamhusu. Nyumba haikusogea hata upana wa ukucha. Kilichosogea ni mgongo wangu, na mpaka leo haujarudi mahali pake.

2. Nchi kavu inataka watu waombane radhi, na sisi hatukufundishwa.

Mama yangu akichukizwa alingoja baba aende sokoni na mtumbwi, kisha akafungua kamba. Baba akirudi anakuta maji matupu. Basi anapiga kasia akiuliza watu, "Jamani, hamjaiona nyumba yangu?" Nao wanamwonyesha kwa kidole bila kucheka, kwa kuwa wiki iliyopita zamu ilikuwa yao. Alasiri maji yanajaa kutoka baharini, mto unapanda, na mama anarudi nao, wali umekwisha kuiva. Baba anafunga kamba, anakula. Hakuna aliyesema nisamehe, hakuna aliyesema yamekwisha. Na mtu akimuuliza mama mbona amerudi, jibu lake lilikuwa hilohilo siku zote: "Maji yamenileta." Waliishi hivyo kwa amani mpaka kifo kilipowatenganisha, wakatuacha sisi watoto wao, ambao hata mmoja hajui neno samahani linaanzia wapi mdomoni.

3. Hapa ndipo nafika kwenye jambo lenyewe. Chaem ameacha tambuu.

Tulianza kutafuna pamoja tungali wasichana, mimi na yeye, sinia moja, chokaa moja, mpaka meno yetu yakawa meusi na kung'aa kama mbegu za topetope. Wachumba walivuka mto kuja kuyatazama. Alipopanda nchi kavu akanunua unga wa meno na burashi, akasugua, akasugua, mpaka kinywa chote kikawa cheupe. Basi siku mpwa wetu Thong-in alipoingizwa utawani, Chaem akakaa safu ya mbele kabisa, akiwachekea wageni kutoka mlangoni mpaka kwenye maua ya madhabahuni. Nami nikasema, kwa upole, wala si kwa sauti kubwa sana, kwamba hata mbwa ana meno meupe.

Hilo si tusi, Bwana Mkuu, ni msemo wa mababu. Sikujua kwamba watawa, waliokuwa wakiimba sala, wangenyamaza kuvuta pumzi wakati uleule. Hekalu zima lilisikia. Chaem akafunga mdomo, akainuka, akaondoka kabla ya chakula, na tangu siku hiyo hanisemeshi. Ulimi hauna mfupa, na maji yakimwagika hayazoleki. Sasa niambie wewe uliyesoma: kosa ni la nani? Tungekuwa mtoni, jioni ileile ningefungua kamba na kuteremka hadi kwenye kiwanda cha mpunga. Kesho yake maji yangenirudisha mlangoni kwake, naye angenipa chai, tukaendelea na maisha. Kosa ni la ardhi.

4. Dirisha la jiko lake linatazamana na langu. Anakaanga samaki kwa ukwaju vile ninavyopenda, harufu inakuja, mwenyewe haji. Hilo nalivumilia. Lakini tangu mvua zianze anakohoa, na kikohozi chake ni cha kifua, kilekile kilichomchukua mama. Dawa yake naijua, ni mizizi na asali. Nimeipika, nikaiacha ikapoa, nikaimwaga, nikaipika tena. Kuipeleka siwezi, kwa sababu nikifika mlangoni itanibidi niseme kitu. Naogopa, Bwana Mkuu. Mimi niliyewahi kuivusha nyumba mbele ya meli ya mchele, naogopa kiwanja kimoja cha udongo.

5. Thong-in, ambaye sasa ni mtawa na anapaswa kuwa na busara, alinishauri hivi: "Shangazi, si uvuke tu ukamwambie pole? Ni hatua chache." Hatua ndizo ubaya wenyewe! Anayekuja kwa miguu amekusudia kuja, na watu wote wanajua kwamba amekusudia. Aliyeletwa na maji hana lawama. Nilimweleza hayo, akafumba macho, nadhani alikuwa anaomba dua.

Kwa hiyo naomba uchimbwe mfereji kutoka mtoni hadi chini ya nyumba yangu, upinde kwa Chaem, kisha urudi mtoni. Barabara itakayokatwa si kitu, hupita tramu tu. Ikiwa mfereji ni kazi kubwa, basi nyumba yangu iwekwe juu ya reli ya hiyo tramu, niteremke nayo asubuhi na kurudi nayo alasiri. Naahidi kutopakia abiria. Na ikiwa hilo nalo ni zito, ateuliwe afisa wa kuomba radhi kwa niaba ya watu wote waliotolewa mtoni, mwenye kofia na kengele, apite nyumba kwa nyumba. Aanzie kwetu. Amwambie Chaem kwamba dada yake Pruang, yaani kwamba mimi, basi, yeye mwenyewe atajua la kusema, maana atakuwa amesomea.

Nisalimie mkeo, na makarani wako wote, hata yule mrefu aliyejigonga kwenye mlango wangu, na yeyote aliyeling'oa jino lako. Mwambie asilitupe kama lilikuwa jeusi.

Ni mimi mtiifu wako, niliyekwama,

Pruang
(jina la ukoo mlilonipa liko kwenye karatasi, na karatasi iko juu ya kabati)

Nyongeza: Kabla sijapata mtu wa kukuletea barua hii, yametokea mambo. Mtungi wangu wa maji ya mvua, ule mkubwa wa chini ya ngazi ambao wanaume walihema kuushusha, umepinduka. Sijui ulipindukaje. Upondo wangu ulikuwa karibu, lakini upondo si ushahidi. Kiwanja kina mteremko kidogo, maji yakatiririka hadi kwa Chaem, yakamlowesha viatu vyake ngazini. Akatoka. Akayatazama, akanitazama, akautazama upondo. Maji yenyewe hayakufika hata kifundo cha mguu. Akapandisha nguo yake mpaka magotini kama mtu anayevuka mto, akavuka, akasimama mlangoni kwangu akikohoa.

"Dada," akasema, "maji yamenileta."

Maji yalikuwa yakienda kwake, Bwana Mkuu, hayakuwa yakija kwangu. Lakini sikubishana na mgonjwa. Nimempa dawa, ameinywa yote.

Kwa hiyo mfereji usichimbwe, na yule afisa mwenye kengele apewe kazi nyingine. Kama ofisi ina mtungi usiotumika, huo nitaupokea. Udongo umekauka tangu adhuhuri. Chaem bado yuko hapa, anachagua popoo kwenye sinia langu, na anasema anangoja maji yapwe ndipo aende. Mimi sijamwambia kitu.