Mama Leso na Chafya ya Jumatatu

Sogeeni, enyi wenye masikio, na wenye mafua msisogee sana, niwasimulie vita visivyopigiwa baragumu wala kumwaga damu, ila kamasi, tena kamasi za kutosha. Mimi ni mpiga chuku mashuhuri, lakini leo nasema kweli tupu, au karibu na hapo.

Palikuwa na mwalimu wa chekechea, shujaa wa chaki, mtuliza vilio, mfunga kamba za viatu visivyo vyake, aliyeitwa na watoto Mama Leso kwa sababu ya kitambaa cheupe cha mkononi alichokichomeka kiunoni kama jambia. Hata ulipoingia msimu wa baridi, adui naye akaingia darasani: mafua, asiyeonekana, mpanda chafya, mruka viti. Akaanzia kwa Kibogoyo, mtoto aliyeng'oka meno mawili ya mbele, ambaye chafya zake zilipita penye pengo bila kuulizwa. Kufumba na kufumbua, darasa zima likawa linakohoa kwa kupokezana.

Lakini kilichomkosesha raha Mama Leso ni kiti kitupu cha dirishani. Kilikuwa cha Kipepeo, binti mdogo mwenye pumu, ambaye mafua ya muhula uliopita yalimlaza hospitali akihangaika kuvuta pumzi. Mama yake alikuwa amemzuia nyumbani, na alishasema: "Jumatatu nitakuja naye nijionee. Nikikuta hakuna uangalifu, basi, mwanangu hasomi tena hapa." Mama Leso alimpenda mtoto yule, na kila alipokitazama kile kiti roho ilimuuma.

Ndipo akatangaza vita. Akafungua madirisha, akawanawisha watoto kwa sabuni, akasimama mbele ya jeshi lake lililomfika kiunoni, akanena: "Enyi mashujaa wangu! Adui huyu hupanda pumzi na hulala viganjani. Atakayepiga chafya na aipige kiwikoni!"

"Kiwiko ni nini?" Kibogoyo akauliza.

Akawaonyesha, nao wakaiga. Kisha, ole wake shujaa wetu, akachomoa leso akapita mstari mzima akifuta pua, ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa kitambaa kile kile, kwa madaha ya jemadari akaguaye askari. Akafanya hivyo kutwa, na kesho yake, na wiki nzima, akijisifu moyoni kwamba usafi ndio huu. Loo! Mafua yalipanda leso ile kama mfalme kwenye machela, yakabebwa pua hadi pua bila kutoka jasho.

Jumatatu ikafika. Kipepeo akasimama mlangoni ameshikwa mkono na mama yake, pua ikimtiririka kidogo kwa baridi ya asubuhi. Mama Leso, furaha imemzidi kimo, akachomoa silaha yake.

"Usimfute!" Kibogoyo akapiga ukelele. "Hiyo ina kamasi zangu! Na za huyu! Na za yule pale!"

Mama yake Kipepeo akaitazama leso, akamtazama mwalimu, akamvuta binti yake nyuma.

"Mwalimu, ni kweli?"

Uso wa shujaa ukamwiva kwa aibu, na hotuba zote zikamkauka. "Ni kweli, mama. Wiki nzima nazunguka na kitambaa kimoja, najiona jemadari, kumbe mimi ndiye punda wa adui. Nisamehe." Akaitupa leso pipani.

Na papo hapo, jamani, pua ikamwasha. Chafya ikapanda kutoka vilindini, machozi yakamlengalenga, kifua kikavimba. Mkono wake wa kulia ukashuka kiunoni, ukakuta patupu. Ukapanda mdomoni, kiganja wazi, kiganja kile kile kinachogawa kalamu za rangi. Watoto wakatoa macho. Lahaula! Akageuka, akaupa mlango kisogo, akakunja mkono, akauzika uso kiwikoni.

"HACHAA!"

Vioo vikatikisika. Sikuwepo, lakini nasema vikatikisika. Wala tone moja halikupita.

"Mwalimu ameweza!" Kibogoyo akashangilia, na wenzake wakainua viwiko juu.

Mama yule hakutaka kucheka, lakini alicheka. "Haya, Mwalimu, nimeona. Sasa wewe nenda nyumbani ukalale. Ukipona wewe na hawa wenzako, namleta. Na hicho kiti asikikalie mtu."

"Hakikaliwi, mama. Hata mimi sikigusi."

Hivyo ndivyo jemadari alivyofukuzwa uwanjani siku ya ushindi wake, akaburuta viatu kwenda kunywa maji ya moto, akijicheka njia nzima. Walipopona wote, Kipepeo alirudi akaketi dirishani, anapumua vizuri, anachora.

Basi na iandikwe katika tarikhi, jirani na habari za kuanguka kwa miji mikuu, kwamba palikuwa na chafya iliyozaliwa asubuhi ya Jumatatu, ikafia kiwikoni, wala haikuacha mrithi.