Sheria ya Miaka Minne

Jumatatu, 1 Aprili 2019

Daktari amesema moyo umechoka. Sikushangaa. Nimemuuliza umebaki muda gani. Miezi, akasema, pengine mpaka mwisho wa kiangazi. Kijana mkweli. Nikamwambia kola yake imekaa upande.

Kwa hiyo naandika. Nina miaka themanini na minne, shahada mbili, vidonge kumi na kimoja kwa siku na jambo moja ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Mjukuu wangu Leanne alihitimu uuguzi Mei mwaka jana, chuo cha wilaya, shahada ya miaka miwili. Mtihani wa leseni aliufaulu mara ya kwanza. Tangu hapo ameomba kazi mahali arobaini na saba. Hospitali ya mlimani, iliyo kubwa kuliko zote katika bonde letu, ilimkataa baada ya dakika nne. Hakuna binadamu aliyesoma maombi yake. Kompyuta iliona "miaka miwili" ikamfungia mlango. Pale wanataka minne.

Na muda unamwishia. Hospitali nyingi humwita mtu muuguzi mpya kwa mwaka mmoja tu baada ya kuhitimu. Ukipita, si mpya tena, na uzoefu bado hana. Mwaka wa Leanne unaisha tarehe 11 Mei. Kwa sasa anauza viatu.

Sheria hiyo ya miaka minne niliiandika mimi, mwaka 1994, nikiwa mkuu wa wauguzi pale mlimani. Leanne hajui. Katika familia hajui yeyote.

Mpango: nimpatie kazi kabla sijafa, bila mtu kujua kwa nini nahangaika hivi.

Jumatano, 3 Aprili

Nimempigia simu mkuu wa wauguzi wa sasa. Nilijitambulisha kwa cheo changu cha zamani, sauti ya kikao. Akafurahi mno. Akasema picha yangu bado ipo kwenye ukumbi wa dharura. Nikamwomba amfikirie msichana mmoja, miaka miwili, mikono mizuri. Akasema kwa upole kwamba sheria ile ndiyo fahari ya hospitali, na kwamba asingethubutu kuigusa kwa heshima yangu mimi.

Alasiri akaniletea nakala ya sheria kwa faksi ya ofisi ya nyumba hii ya wazee ninamokaa. Ukurasa wa pili ulikuwa umepigiwa mstari: hakuna atakayesamehewa sharti hili, awe jamaa wa nani. Sentensi nzuri. Fupi, haina mwanya. Niliitafuta wiki nzima sentensi ile.

Chini ameandika kwamba watanitumia keki.

Ijumaa, 5 Aprili

Samaki wa Kwaresima, na kabichi iliyokaangwa na tambi. Wanda Petrosky amekaa mezani kwangu tena. Chumba chake kinatazamana na changu. Nyumba ya wazee ina vyumba sitini, na Mungu akaona hicho ndicho kinachomfaa.

Nilikuwa namtazama samaki wangu bila kula. Wanda akasema kwa sauti ya kusikika meza tatu: "Vipi, bosi? Na huyo naye unamtaka awe na miaka minne?"

Watu wakacheka. Hawakujua wanachekea nini. Mimi nilijua.

Basi niandike. Wanda alisimamia wodi ya upasuaji pale mlimani kwa miaka kumi na mmoja akiwa na shahada ya miaka miwili. Januari 1994 theluji ilifunga barabara, wauguzi nusu hawakufika, nami nikashuka wodini kusaidia. Sikuwa nimeshika sindano kwa miaka saba. Nikavuta insulini ya mzee mmoja, uniti sitini. Aliandikiwa sita. Nilikuwa nimeshainama juu ya mkono wake Wanda aliponishika kifundo na kusema, taratibu kabisa, "Hapana, bosi." Madaktari wanafunzi wawili walikuwa wamesimama pale. Mmoja akatazama viatu vyake.

Mzee hakupata dhara lolote. Wanda hakumwambia mtu. Angesema, ningejitetea. Hakusema, na kila asubuhi aliponisalimu niliiona ile sindano.

Miezi mitatu baadaye sheria ilitoka, imeandikwa kwa jina la kamati. Msimamizi yeyote wa wodi lazima awe na miaka minne. Na tangu sasa kila anayeajiriwa. Wanda akavuliwa wodi. Hakukubali kubaki chini ya msichana aliyemfundisha mwenyewe kufunga kidonda. Akaja kufanya kazi hapa, nyumba hii hii, miaka kumi na minne, akiwageuza wazee vitandani mpaka mgongo wake ukakataa.

Samaki alikuwa amepoa. Nimemla hivyo hivyo.

Jumatatu, 8 Aprili

Siku mbaya. Nitaiandika yote.

Gail Novotny, mkuu wa wauguzi wa nyumba hii, hupita vyumbani kila Jumatatu saa nane mchana na faili lake. Hapa wanaajiri watu wa miaka miwili, lakini Gail anataka wenye uzoefu. Nikawaza: anachohitaji ni kumwona Leanne kazini. Leanne alikuwa amekuja kunitembelea. Saa nane na dakika mbili nikasikia viatu vya Gail. Nikashika kifua, nikaachia kikombe, nikaguna. Naamini niliguna vizuri.

Leanne hakupaparika. Akashika mkono wangu, akatazama saa, akanitazama machoni. Gail akaingia. Leanne akamwambia: "Mapigo sabini na sita, yana mpangilio uleule wa siku zote. Ngozi kavu, rangi nzuri, anapumua sawa. Samahani, mama, nadhani bibi yangu anaigiza."

Nikasema siigizi. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Katika nyumba hii mkazi akisema kifua kinauma, na moyo wenyewe ni kama wangu, Gail hana hiari: mkazi anapelekwa hospitali. Ambulensi ikaja. Leanne akasema haniachi niende peke yangu.

Nimekaa saa sita nzima kwenye ukumbi wa dharura, mlimani, kwenye kitanda cha magurudumu, chini ya picha yangu mwenyewe. Nimevaa lulu pichani. Nesi mmoja akauliza kama huyo bibi wa ukutani ni dada yangu mdogo.

Njiani kurudi ndipo Leanne aliponiambia. Saa kumi alikuwa na usaili, kliniki ya kusafisha figo, mwendo wa saa moja kutoka hapa. Aliwapigia simu akiwa ndani ya ambulensi. Wakamwambia pole, wana wengine wanane. Nikauliza kwa nini hakunieleza mapema. Akasema: "Bibi, ningekwambia ungewapigia."

Ni kweli. Ningewapigia.

Jumatano, 10 Aprili

Leanne hajaja. Kwenye simu amesema hana hasira, amechoka tu. Dukani wamempa usimamizi wa sehemu ya viatu vya watoto. Amesema labda ndipo pake, watoto wanampenda, na angalau hakuna aliyemuuliza alisoma miaka mingapi.

Nilitaka kusema kitu kizuri. Nikasema asisahau kupaka losheni mikononi, karatasi za maboksi hukausha ngozi.

Keki ya mlimani imefika. Wameandika jina langu kwa sukari. Nimewapa meza ya karata. Wanda alikula vipande viwili akaniuliza ni ya sikukuu gani. Nikarudi chumbani.

Jumapili, 14 Aprili

Matawi. Padri alitugawia majani matatu ya mtende kila mmoja. Baada ya misa nilijisukuma kwa kiti changu cha magurudumu mpaka chumba cha Wanda. Mita nne. Sikuwahi kuingia humo kwa miaka miwili tuliyokaa hapa.

Nilikwenda kuomba. Gail alifundishwa kazi na Wanda. Wanda akisema neno, Gail husikiliza. Nilikuwa nimepanga maneno vizuri: vipaji vya vijana, upungufu wa wauguzi, manufaa ya wazee wote. Wanda alikuwa anafuma soksi. Akaniacha nimalize.

"Sasa sema kilichokuleta," akasema.

Nikasema. Insulini, sheria, kamati ambayo haikukaa hata mara moja. Ilichukua kama dakika tano. Nilidhani ingechukua zaidi. Nimeibeba miaka ishirini na mitano.

Wanda akasema alijua siku ileile. Ni kamati gani ya watu tisa, aliuliza, inayoandika kwa hasira za mtu mmoja? Akaongeza kwamba alingoja nije kumwambia. Mwaka wa kwanza alingoja kila siku. Baadaye alingoja Krismasi tu. Halafu akaacha.

Nikasema nisamehe. Akahesabu vishono vyake mpaka mwisho wa mstari.

"Msichana wako nilimwona Jumatatu," akasema. "Alikuita mwigizaji mbele ya mkuu, na wewe ni bibi yake. Huyo hataogopa kumshika bosi mkono. Nitazungumza na Gail. Lakini mjukuu wako umwambie mwenyewe, Bernadine. Mimi sifanyi hiyo kazi kwa niaba yako."

Ndiyo mara ya kwanza ameniita kwa jina. Sikujibiwa kama nimesamehewa. Sikuuliza tena.

Jumatano, 17 Aprili

Leanne amekuja na maandazi ya viazi kutoka kanisani. Nikamwambia kabla hajavua koti, maana akishakaa ningeanza kumuuliza habari za viatu.

Hakulia. Hakupaza sauti. Alisimama dirishani akitazama maegesho. Mwishowe akasema: "Kwa hiyo zile dakika nne zilikuwa zako."

Nikasema ndiyo.

Akauliza wauguzi wangapi walifukuzwa mlangoni kwa ile sheria tangu hapo. Nikasema sijui. Akasema, "Hukuwahi kuwahesabu?" Nikasema hapana. Nilikuwa nawaza mmoja tu, na huyo mmoja kwa sababu anakaa mbele ya mlango wangu.

Akauliza chumba cha Wanda ni kipi. Alikaa huko saa nzima. Niliwasikia wakicheka, ingawa ukuta ni mnene. Alipotoka alinifunika miguu, akanibusu kichwani haraka haraka, akaondoka bila kusema atarudi lini.

Maandazi yalikuwa matamu. Sikustahili hata moja. Nilikula manne.

Jumatatu, 6 Mei

Leanne ameanza kazi leo. Hapa. Siku tano kabla ya mwaka kuisha. Sare ya bluu, beji yenye jina lake. Alipita na toroli ya dawa, akasimama kwangu, akasoma jina langu kwenye utepe wa kifundo cha mkono wangu kana kwamba hatujuani, kama inavyotakiwa. Nililia kidogo. Akaniambia, "Meza dawa, Bi Hruska."

Nimemwahidi mambo matatu: hakuna simu, hakuna barua, hakuna kifua. Nimeapa kwa marehemu babu yake. Nami nilimaanisha. Nimetubu kwa Wanda, nimetubu kwa mtoto, padri naye amenisikiliza kwa dakika ishirini na tano. Najiona mwepesi. Sasa naweza kuondoka wakati wowote.

Jumatatu, 13 Mei

Gail ameajiri wapya wawili, Leanne akiwa mmoja wao. Wa pili ni Felicia Yoder, binti wa mkulima, miaka miwili pia. Baada ya siku tisini mmoja wao atapewa zamu ya mchana ghorofa yetu. Mwingine atapelekwa jengo la ng'ambo ya mto.

Yoder ana kasi. Hamwagi kitu. Leo asubuhi Wanda, ambaye hasifu mtu, amesema mezani kwamba hajaona mikono kama ya msichana yule tangu alipostaafu. Leanne alikuwepo. Alitabasamu, akasema ni kweli, anajifunza mengi kwake.

Mtoto hana wivu hata chembe. Ni udhaifu mkubwa kazini.

Nimewaza tangu chakula cha mchana. Hapa kwetu theluji hufunga barabara kila Januari, na wazee hawawezi kubaki bila muuguzi. Kwa hiyo ni busara, tena ni usalama wa wagonjwa, kwamba zamu za mchana wapewe wanaoishi si zaidi ya maili tano kutoka hapa. Leanne anaishi maili mbili. Shamba la akina Yoder lipo maili tisa.

Nimeomba karatasi ofisini. Si barua, ni pendekezo. Niliyoahidi kuacha ni barua. Limetoka mistari minne tu, halina mwanya, na mwandiko wangu bado umenyooka. Nimelitia saini kwa niaba ya baraza la wakazi, ambalo tutaliunda wiki hii.

Jina la mtu sijataja.