Serikali ya Vyumba Viwili na Sebule

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Gego la kushoto limeniamsha. Linapwita kama lina moyo wake. Mama watoto akasema niende kwa daktari wa meno pale kona likang'olewe. Nikamwambia sitoi hata senti. Dada yangu aliyeko nchi ya baridi anatibiwa meno bure! Na wasio na kazi wanalipwa posho na serikali! Kwa nini mimi, fundi saa mwenye vidole hivi, nilipe?

Gundi, fundi viatu tunayegawana naye kibaraza, akacheka mpaka misumari ikamtoka mdomoni. Akasema huyo dada anakatwa kodi karibu nusu ya mshahara. Kaka yake yeye yuko nchi ya mafuta, hakatwi chochote. Tukabishana hadi mteja akakata tamaa, akaondoka na saa yake.

Halafu wazo likanijia. Ee bwana, wazo! Serikali nzuri ianze nyumbani kwangu.

Jumanne, tarehe 4

Nimetangaza mfumo baada ya chakula cha jioni. Anayepata zaidi atoe zaidi. (Cherehani ya mama watoto hailali.) Asiye na kazi alipwe posho. Matibabu bure kwa wote. Hazina ni lile kopo la maziwa juu ya kabati.

Nilitarajia vita. Wapi! Mama watoto akasema wazo zuri sana. Mama mkwe akapiga makofi. Binti yetu akauliza waziri wa afya nani, bibi yake akajiteua hapo hapo. Kumbe nimeoa ukoo wa watu waelewa!

Jambo moja sikuwaambia. Kesho nafunga kazi. Nitakuwa sina ajira, nitalipwa posho, nitang'olewa jino bure, na mchana nitalala. Nimecheka peke yangu bafuni mpaka gego likanikemea.

Jumatano, tarehe 5

Nimefunga. Gundi akauliza kulikoni, nikamwambia ni mambo ya serikali, hatayaweza.

Nikarudi nyumbani kudai posho. Mama watoto hakuinua macho kwenye pindo la gauni. Akasema ameshampigia simu wifi yake. Dada yangu mwenyewe! Na dada akamwaga yote: kwao posho wanapewa waliochangia kwanza, aliyeacha kazi kwa hiari yake anangojeshwa, na muda wote lazima aonekane anatafuta kazi. Mimi sikuwa nimechangia hata sarafu. Basi nikaambiwa nitafute kazi, vyombo vile pale. Nimeosha vyombo. Nimefua mapazia. Posho, hewa.

Na jino? Waziri akasema foleni. Akapanga viti koridoni. Cha kwanza ni cha goti lake mwenyewe. Cha pili ni cha mjukuu wake, anayehitaji miwani mipya. Mimi nikapewa ndoo iliyogeuzwa. Nikalalamika kwamba mgonjwa wa kweli ni mimi. Akasema kwa dada yangu watu husubiri miezi, tena kimya kimya.

Dada! Damu yangu!

Alhamisi, tarehe 6

Nimejitoa. Nimehamia nchi isiyo na kodi, yaani sebuleni. Nimeburuta godoro, nikafunga kamba ya nguo kutoka dirishani hadi kwenye kabati kuwa mpaka. Hapa sikatwi kitu! Nimelala chali, nimepiga mluzi, nimejiona sultani.

Mchana mama watoto akaja mpakani. Kwa upole kabisa akasema amezungumza na kaka yake Gundi pia. (Namba kaipata wapi?) Kule mgeni anaishi kwa kibali cha mwajiri, kazi ikiisha anafungasha. Akaniuliza mwajiri wangu nani. Akaanza kukunja godoro kutokea miguuni. Chakula nilikitazama kikiliwa ng'ambo ya kamba, na hakuna aliyenikaribisha.

Jioni shavu likavimba. Kwenye kioo, nusu ya uso ni mimi, nusu ni mfanyabiashara mkubwa.

Ijumaa, tarehe 7

Sikupata hata lepe la usingizi. Kulipokucha nikaenda kwenye kamba kuomba kurudi. Mama mkwe alikuwa ameketi hapo na kanga mabegani. Akauliza safari yangu ni ya kazi, ya matembezi au ya matibabu. Nikajibu matibabu. Akauliza nitakaa muda gani. Nikasema maisha yangu yote, mama, na hapo nikaangua kilio. Niliogopa kweli. Niliona nakufa na saa za watu ziko mezani.

Mama mkwe akainuka. Akasema goti lake lingoje. Binti naye akasema miwani ya zamani bado inaona ubao akikaa mbele. Kumbe ndivyo foleni inavyokwenda, anayeumwa zaidi anapishwa!

Kopo likafunguliwa. Jasho la cherehani tupu, langu halimo. Daktari akavuta, mama watoto kanishika mkono. Nilimpenda saa ile kuliko siku ya harusi yetu. Nikaapa kimoyomoyo: nitafanya kazi, nitachangia, sitahama tena.

Jumamosi, tarehe 8

Nimefungua. Gundi alikuwa amewapokea wateja wangu siku zote hizi, saa zao kazipanga vizuri kwenye boksi la viatu. Mama watoto ndiye aliyemwomba. Karibu nimkumbatie! Kisha nikaona moja alijaribu kuitengeneza mwenyewe. Kwa gundi.

Jioni nikatia mchango wangu kwenye kopo mbele ya wote. Nikalitikisa ili wasikie.

Jumapili, tarehe 9

Shavu limerudi mahali pake. Naimba! Dada kanipigia kunipa pole, nikamsamehe. Katika maongezi akasema kwao mtu akizeeka haulizwi kazi tena. Analipwa kila mwezi mpaka anaingia kaburini, kwa kuwa ujana wake wote alikuwa akichangia. Ile sehemu ya mwisho sikuisikiliza sana, nilikuwa nimeshasimama.

Mpaka kaburini! Bila kutafuta kazi! Na mimi jana nimechangia, mashahidi ninao.

Nina miaka arobaini na moja, lakini mgongo wangu una sabini. Nimejipaka unga kidogo kichwani mbele ya kioo. Nimependeza, mzee wa watu. Nimejifunza na kukohoa.

Kesho asubuhi nastaafu. Gego la kulia limeanza kuninong'oneza, lakini si kitu. Matibabu ni bure.