Zamu Yangu pale Rasi ya Kunguru

Jumatano, 10 Julai

Uonevu mtupu! Ofisi ya uvuvi imetangaza mchana huu kwenye redio: Jumapili, kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa mbili usiku. Siku moja! Majira yote ya baridi nimeshona nyavu, nimepaka boti rangi, nimebadilisha winchi, halafu mtu aliyekaa ofisini na kikombe cha kahawa anaamua kwamba samoni wetu wavuliwe siku moja tu, kisha ahesabu waliopanda mtoni ndipo afikirie nyingine. Wavu usiguse maji kabla ya saa. Wavu usibaki majini baada ya saa. Usivuke ule ubao mweupe uliopigiliwa kwenye msonobari karibu na mdomo wa mto. Sheria za kutosha kuzamisha boti.

Maren, mke wangu, kasema hizo ni sheria zilezile za mwaka jana. Nikamwambia hilo ndilo hasa linaloniudhi.

Shida yangu ni Rasi ya Kunguru. Samoni wanaoingia huku karibu wote hupita pale, wakijikuna kwenye mawe. Lakini pana nafasi ya wavu mmoja tu, kwa hiyo kuna foleni. Anayefika wa kwanza anatupa wa kwanza, wengine wanasubiri zamu. Na kila mwaka wa kwanza ni Wendell Kitka. Jirani yangu! Mlango wake na wangu inatazamana. Anasema babu zake walivua pale kabla babu zangu hawajajua kwamba Alaska ipo. Sikatai. Lakini foleni ni foleni.

Mwaka huu ni mimi. Arvid Torgersen, wa kwanza.

Alhamisi, 11 Julai

Nimepata mbinu. Hapa kila boti inasikiliza redio ya wenzake, ingawa kila nahodha anaapa kwamba hana habari za watu. Basi asubuhi nikamwita Maren nyumbani kwa redio, kwa sauti ya chini, ya mtu mwenye siri. Nikamwambia nimepita Ghuba ya Moshi, samaki wanaruka mpaka maji yanachemka, na asimwambie mtu.

Maren akauliza, bandari nzima ikisikia, nimepitaje Ghuba ya Moshi wakati boti yangu anaiona dirishani, imefungwa gatini.

Nikapuliza kwenye kipaza sauti, fffff, kama upepo wa baharini. Nikazima.

Solveig alikuwa amekaa kwenye sitaha anakunywa kahawa. Huyu ni mdogo wake Maren, na ndiye anayeendesha kiboti changu. Tunapotupa wavu, yeye anashika ncha moja kwa kile kiboti na kuivuta, mimi nazunguka na boti mpaka duara lifunge. Hakuna mwendesha kiboti kama yeye kwenye mlango-bahari huu. Na anajua, ndiyo tabu yake.

Akasema, "Shemeji, hata shakwe hawajakuamini."

Lakini haukupita muda nikasikia injini kubwa ikitoka bandarini kuelekea kusini. Ukungu ulikuwa mzito, sikuona ni nani. Kusini! Ghuba ya Moshi! Kuna mmoja kameza ndoana. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Ijumaa, 12 Julai

Tumefika Rasi ya Kunguru, na hakuna boti nyingine. Nilitia nanga kwa mkono wangu mwenyewe, kwa heshima ya tukio. Nestor, mpishi wangu na mvuta nyavu, akauliza tutakaa hapa siku mbili tukifanya nini. Nikamwambia tutakaa tukiwa wa kwanza.

Saa chache baadaye Wendell huyo. Kaona nipo mahali pake. Kakasirika? Hakukasirika! Katia nanga nyuma yangu, kanipungia mkono kama tumekutana harusini. Sijawahi kuona dharau ya namna ile.

Kisha akapaza sauti, "Jirani! Umeamka mapema mwaka huu!"

Nikajibu kwamba mimi huamka mapema kila mwaka.

"Sawa, kaka. Sikiliza. Jumapili alfajiri maji yatakuwa yanakupwa kwa nguvu sana. Mkondo utakubebea wavu wako mpaka kwenye mawe. Subiri maji yasimame, ndipo utupe. Mimi mwenyewe huwa nasubiri."

Jamani! Mtu wa pili kwenye foleni anamshauri wa kwanza asubiri! Ananiona mtoto? Nikamshukuru kwa ubaridi kabisa. Nadhani aliuhisi.

Jumamosi, 13 Julai

Mvua. Boti sita zimeshaingia kwenye foleni. Zote nyuma yangu.

Wendell kawaalika mabaharia wangu kula mkate wa kukaanga na samaki wa moshi. Mimi pia kanialika. Nikasema nina kazi. Nimekula biskuti kavu nikitazama dirisha lake, wote mle ndani wanacheka. Nestor alibeba sufuria lake la adobo, kuku wa kupikwa kwa siki, lile nililoahidiwa mimi.

Askari wa uvuvi kapita na mashua yake kutukumbusha sheria. Nikamuuliza swali la maana: sheria inasema wavu usiguse maji kabla ya saa, je, boya la kwanza likigusa? Boya ni plastiki, si wavu. Akauliza boya hilo limefungwa kwenye nini. Nikasema kwenye wavu. Akasema, basi. Basi! Yaani mtu analipwa mshahara kwa jibu la neno moja.

Solveig karudi jioni na uso wa kazi. Kasema amesoma jedwali la maji kujaa na kupwa na Wendell yuko sahihi, tusitupe alfajiri. Nikamwambia wamemlisha mkate wakamlisha na maneno.

"Shemeji, wewe utakuwa juu ya boti," akasema. "Kwenye kiboti nitakuwa mimi."

Nikamuuliza nahodha ni nani hapa. Akaenda kulala. Solveig akisema anaudhi, akinyamaza anaudhi zaidi.

Jumapili, 14 Julai, mchana

Naandika huku wao wanashona wavu. Nitaeleza ilivyokuwa, ili ukweli uwepo mahali.

Saa kumi na moja kamili redio ikasema tayari. Nikatupa! Boya la kwanza kabisa la msimu kwenye mlango-bahari wote lilikuwa langu. Nyuma yangu hakuna aliyetupa. Wote wamekaa, wanakunywa kahawa, wananitazama. Nikafikiri, wivu.

Kisha mkondo ukaja. Sijui umetoka wapi. Wavu ukaondoka kama umeitwa, ukaenda moja kwa moja kwenye mawe ya rasi, ukanasa. Nikamwambia Solveig kwa redio avute kwa nguvu kuelekea nje. Akasema hauendi. Nikasema vuta. Akavuta. Ule mzigo wote, wavu na mkondo na mawe, ukamvuta na yeye. Kiboti kikalala upande. Nikaona maji yakiingia juu ya ukingo. Nikaona mkono wake ukipiga kulabu ya kamba ili ifunguke, haikufunguka. Akapiga tena.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Nestor anasema niliita jina la mke wangu.

Wendell hakusubiri zamu. Alimshusha binti yake na kiboti chao, wakapita ndani kabisa, karibu na mawe, wakamrushia Solveig kamba, wakamvuta kuelekea upande wa mkondo mpaka kamba yetu ikalegea, kulabu ikafunguka, kiboti kikasimama. Solveig alikuwa amekaa ndani ya maji mpaka kiunoni. Akaanza kuyachota kwa ndoo. Hakunitazama.

Nilikunja kamba moja, nikaikunjua, nikaikunja tena mara nne. Ni baridi ya asubuhi.

Ukitazama kisheria, Wendell aliingia kwenye eneo langu wakati wavu wangu uko majini. Ningeweza kulalamika. Sikulalamika. Hayo hakuna atakayeyasema.

Wavu una tundu la kupitisha trekta. Na maji yaliposimama, Wendell katupa taratibu, kazunguka taratibu, kavuta, umejaa. Mbele ya macho yangu. Kwenye zamu iliyokuwa yangu!

Jumapili, 14 Julai, jioni

Wavu ulikamilika baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa tayari kurudi mkiani mwa foleni. Wendell akasema kwenye redio niingie mbele yake, kwa kuwa asubuhi nilikosa. Nikaingia. Sikumwomba mimi.

Sasa niseme lililotokea baadaye, maana ni la ajabu. Samaki walikuja! Kila nikitupa, umejaa. Solveig alivuta vizuri kuliko siku zote, bila kuniambia hata neno moja. Ngama, lile tumbo la boti, ikajaa mpaka mlangoni. Nikasema, haya, tushushe mzigo kwenye meli ya kupokea samaki, turudi tutupe mara ya mwisho. Meli hiyo ni ya Lorna, na siku za kuvua husimama nyuma ya rasi, mahali palepale miaka yote.

Hayupo.

Nikamwita kwa redio. Akajibu yuko Ghuba ya Moshi tangu Alhamisi, anasubiri samaki wanaochemsha maji.

Nikauliza nani kamwambia upuuzi huo. Akasema, "Wewe." Alisikia nusu ya kwanza ya maneno yangu, akawasha injini, hakusikia ya Maren. Kisha akaongeza, hewani, boti zote zikisikia, kwamba ataanza safari sasa hivi lakini hatufikii kabla ya kufunga.

Redio ikalipuka. Kumbe boti zote zilikuwa zimejaa, zote zinamtafuta Lorna. Niliitwa majina ya wanyama, baadhi yao hawaishi hata kwenye bara hili. Mtu mmoja alitumia lugha ambayo askari wa uvuvi alipaswa kuikemea, na askari alikuwepo akisikiliza. Hakukemea.

Boti nyingine ziliinua nyavu, zikatia nanga. Mimi nikawaza: wao wameacha, samaki wote waliobaki ni wangu. Nikatupa tena. Nestor akauliza tutawaweka wapi. Nikasema Mungu ni mkubwa.

Wavu ulipoinuka ubavuni mwa boti, samaki walikuwa wengi kuliko wote wa siku nzima. Maji yalikuwa ya fedha. Tukawajaza sitahani mpaka magotini. Nikaagiza waingizwe jikoni. Nestor akasimama mlangoni na mwiko. Nikasema basi vyumba vya kulala. Hapo nusu ya samaki bado wako wavuni, na askari kasogeza mashua yake karibu, kaangalia saa, kaniangalia mimi, kaangalia wavu.

Nikamwambia wavu huu ulitupwa ndani ya muda halali. Akasema hilo halina ubishi. Nikasema samaki hawa walikamatwa ndani ya muda halali. Akasema ndiyo. Nikasema sasa kosa liko wapi. Akasema kwa sasa hakuna, lakini litazaliwa baada ya dakika chache, na likizaliwa samaki wote watachukuliwa, hata wa ngamani.

Solveig akasema maneno yake ya kwanza tangu asubuhi. "Fungua, shemeji."

Nikafungua. Tuliyashusha maboya chini ya maji, samaki wakatoka. Hawakuwa na haraka hata kidogo! Waligeuka wakaelekea mtoni, mstari mmoja, kama watu wanaotoka kanisani. Mmoja aliruka. Nachukulia kuwa ni tusi.

Wavu ulikuwa sitahani kabla ya saa. Askari akasema asante kwa ushirikiano. Ushirikiano!

Jumatatu, 15 Julai

Tumeshusha mzigo asubuhi. Lorna kanipokea bila salamu, kaniweka wa mwisho kwenye foleni, nyuma ya boti zote. Nikamkumbusha kwamba mimi nilifika wa kwanza. Boti zote zikacheka kwa pamoja, hata za watu nisiowajua.

Tulipofika gatini Solveig akakunja suti yake ya mpira, akaiweka begani. Akasema atamaliza msimu kwa Wendell. Binti wa Wendell anarudi chuoni, wanahitaji mwendesha kiboti.

Nikasema, kwa jirani yangu? Kwa mtu yule?

"Jana nilikwambia hauendi," akasema, "ukaniambia vuta."

Hakusema kwa hasira. Heri angekasirika. Nikamwambia tu asisahau glavu zake.

Maren hajanipikia. Kasema biskuti zilipo napajua mwenyewe.

Jumanne, 16 Julai

Redio imetangaza: samoni waliopanda mtoni ni wengi kupita matarajio, kwa hiyo Alhamisi tunafunguliwa tena. Wengi kupita matarajio! Nusu yao niliwaachia mimi. Ofisi haijataja jina langu.

Sina mwendesha kiboti. Nestor kasema yuko tayari kujaribu, ila kwanza nimwahidi kwa kiapo kwamba akisema hauendi, ni kwamba hauendi. Nikasema nitafikiria.

Asubuhi nilisimama dirishani nikamtazama Solveig akipanda boti ya Wendell. Wanampa kahawa. Wanamwonyesha ramani. Wanamwambia watatupa wapi Alhamisi, maji yakiwa vipi, saa ngapi. Anaitikia kwa kichwa. Roho iliniuma kweli, siwezi kukataa. Halafu, taratibu, nikaanza kutabasamu.

Nikamwita Maren. Nikamwambia tusihuzunike, mambo yamekaa vizuri kuliko tulivyodhani: kuanzia leo nina jasusi ndani ya boti ya Wendell Kitka.

Maren akauliza ni nani huyo.

Nikamwambia ni Solveig. Ila yeye mwenyewe bado hajajua.