Kiti cha Marehemu Baba na Tumbo la Noah

Jumapili, 3 Agosti. Bungoma, kwa Mama.
Nimetoka Kitale na sukari na heshima zote za kifungua mimba. Nakuta kiti cha marehemu Baba kimekaliwa. Na nani? Noah! Kitinda mimba! Mama anasema hicho ndicho kiko karibu na mlango, na Noah akishikwa na tumbo hana muda wa kuaga watu. Utumbo wake mpana huvimba, hutoka vidonda na damu. Ugonjwa huo hauambukizi, hauponi kabisa, hutulizwa kwa dawa. Sawa, pole. Lakini kwani lazima utulie kwa kiti changu?

Kwenye maombi Noah alitajwa mara nne. Mimi niliwekwa pamoja na wasafiri wote. Angalau firigisi ya kuku nilipewa mimi, mkubwa wa boma. Hiyo bado hawajaninyang'anya.

Jumatatu, 4 Agosti. Kitale.
Nimeuza mbolea kwa hasira siku nzima. Mke wangu Joan anasema wivu utanitoa vidonda tumboni. Asante, Joan! Nikampigia Mama, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba tumbo linaniendesha, wiki ya tatu sasa, na kuna damu. Mama akalia. Nikajisikia vibaya. Kisha akasema nije kwake, kiti nitapewa. Nikapata nafuu.

Jumatano, 6 Agosti. Bungoma.
Kiti! Mguu mmoja umelegea, lakini ni kiti. Noah amehamia benchi na hata hakununa, jambo linaloudhi. Amenifundisha kila kitu: nisiache dawa nikiona nafuu, niandike vyakula vinavyonichokoza, nisione haya kuomba gari lisimame. Akaniambia mwaka jana alikonda akijificha, watu wakasema amerogwa. Hakuwahi kunieleza. Nilitaka kuuliza kwa nini, lakini Mama alileta chai. Yangu kwanza.

Alhamisi, 7 Agosti.
Balaa. Noah amenipeleka kwa daktari wake, Jepchumba. Nilitarajia vidonge tu. Kusikia sisi ni ndugu wa tumbo moja, daktari akasema ugonjwa huu wakati mwingine hufuata ukoo, hivyo Jumamosi nipigwe kamera. Nikauliza kamera inapitia wapi. Noah akanishika bega. Inapitia huko huko. Kesho sili, nakunywa dawa ya kuosha tumbo, lita nne.

Ijumaa, 8 Agosti.
Mama, kwa kunihurumia, amechinja jogoo mwekundu, yule hata pasta wa kanisa alinyimwa. Ruhusa yangu: maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa. Dawa ilianza kazi saa tano asubuhi. Kiti nimekikalia dakika nane kwa jumla.

Nikiwa chooni nilimsikia Mama akiuliza firigisi apewe nani. Nilipiga kelele wanihifadhie. Wakampa Noah! Ati siku hizi tumbo lake limetulia, na mkubwa haruhusiwi kutafuna.

Saa kumi nilimkuta nje ya mlango wa choo na maji na tishu. Alikuwa amesimama hapo tangu chakula cha mchana. Nikamwuliza kama firigisi ilikuwa tamu.

"Kaka, kiti ni chako, firigisi ni yako," akasema. "Hili tumbo tu ndilo sitaki uwe nalo."

Nilifungua mdomo nikiri uongo wangu. Tumbo likaniita kwanza.

Jumamosi, 9 Agosti.
Utumbo wangu ni safi kabisa. Daktari Jepchumba aliniuliza tena damu niliiona lini. Noah alilia kwa furaha mbele za watu. Nami nililia, kwa sababu zangu.

Jumapili, 10 Agosti.
Noah ametoa shukrani kanisani kwa ajili yangu. Watu wakapiga makofi. Nilitazama viatu vyangu.

Nyumbani, mgonjwa karudi kwenye kiti, mzima kahamia benchi. Firigisi? Mama anasema tumbo lililooshwa juzi lianze na uji. Nilikuwa karibu kukubali kwamba nimestahili, kweli kabisa, ndipo akaingia Mjomba Wakoli akichechemea. Mama akamwekea mguu juu ya stuli, akaweka mto chini yake. Mto wa Baba!

Goti langu la kushoto limeanza kuuma. Goti, nadhani, haliingizwi kamera.