Vijiko vya Mama vya Mafuta ya Samaki

Waliokuwepo nawataja mapema, wasije wakawasimulia kwa kutia chumvi: wadogo zangu Wafula na Nekesa, jirani yetu Mama Brayo, daktari mmoja kijana, na benchi zima la wagonjwa. Hao ndio walioniona nikiumbuka leo.

Mama alipokuwa hai, pale Kaloleni, kila Jumapili kabla ya kanisa alitupanga mstari kwa kimo. Kijiko kimoja cha mafuta ya samaki kwa kila mtoto, kisha anakufuta mdomo kwa pindo la leso yake. "Ni ya mifupa!" Changu nilikimwaga nyuma ya kabati. (Harufu ile ningeinusa leo, ningelia.)

Mwaka huu miguu ikaanza kuniuma. Zahanati wakasema nimepungukiwa na vitamini D, wakanipa vidonge vikali: kimoja kwa wiki. Nikavikumbuka vile vijiko. Kwa wiki? Nikameza kila siku, nifidie! Vilipoisha nikanunua vingine. Miezi mitano.

Leo asubuhi ubavu ukanikamata, nikalia kama mbuzi. Tangu nilipoacha shule darasa la saba kuwalea hawa wawili, sijawahi kuugua hivi hata siku moja. Nikajua nakufa. Pale kwenye benchi la hospitali, tukingoja majibu, nikatoa wosia. Kwa sauti.

"Nekesa, cherehani ni yako. Wafula, chukua redio ya baba."

"Dada, wacha maneno hayo!" Nekesa akalia.

"Na Wafula, nisamehe. Ile siku mama alikuchapa fimbo nne kwa kumwaga mafuta... ni mimi niliyemwaga."

Machozi ya Wafula yakakauka hapo hapo.

"Kwa hivyo ni wewe!"

Daktari akatokea na picha yangu ya eksirei na kopo langu la vidonge. "Mama, hufi. Ni kijiwe kidogo kwenye figo. Vitamini D ikizidi, kalsiamu inajaa kwenye damu, figo zinaumia. Acha hivi vidonge, unywe maji mengi."

Mama Brayo alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Benchi likamfuata.

Sasa niko kitandani. Redio Wafula ameshaibeba. ("Wosia ni wosia.") Zile fimbo nne bado anazidai; ameshavunja tawi la mpera, ameliegemeza mlangoni.

"Upone kwanza, Dada," anasema.

Msinicheke. Maji nakunywa, lakini polepole.