Mawe Yetu Yapewe Viti

Mtaa wa Mafia,
Kariakoo,
9 Agosti 1977

Ndugu Mhariri,

Nipe ile kona mnayowapa watu waliopoteza leseni. Mimi nimepoteza subira, na sijui ofisi gani hupokea taarifa za namna hiyo.

Unaijua stesheni yetu ndogo ya Mchikichini, hatua mia mbili kutoka uwanja wa mpira. Siku za mechi maelfu hutoka uwanjani kwa pamoja, wote wakiitaka treni moja ya jioni ya kwenda Pugu. Kamati ya Utaratibu ya stesheni, chini ya Ndugu Awadhi, ikakaa, ikanywa chai, ikapata dawa: mawe. Kama tufanyavyo kwenye foleni ya sukari, abiria aje asubuhi, aandike jina lake kwa chaki juu ya jiwe, aliweke kwenye mstari, aende zake. Mechi ikiisha arudi, aliokote, asimame mahali pake. Tumeendeshwa hivyo tangu Juni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sukari humngoja mtu dukani. Treni haina adabu hiyo. Filimbi ya mwisho ikilia, watu elfu tatu huingia kwa geti moja, wote wameinama, kila mmoja anasoma chini. Nimesoma habari za vita vingi, lakini sijakutana na jeshi lililoshambulia likiwa limeinama. Ndugu Awadhi husimama juu ya kreti la soda na kipaza sauti chake: "Kila mtu na jiwe lake, ndugu zangu. Usiguse la mwenzio." Jumapili moja sauti ikamjibu kutoka chini: "Mwenyekiti, langu ndilo uliloliwekea kreti juu yake."

2. Sisi sote ni sawa, ila mawe yetu bado. Mpagazi wa sokoni huweka kokoto. Afisa huleta tofali la saruji, tena limebebwa na dereva. Mwezi uliopita bwana mmoja aliweka kinu, akadai nafasi tatu kwa sababu kinu ni cha familia nzima. Kamati ilijadili, ikamkubalia. Tangu siku hiyo vinu vimeadimika Kariakoo.

3. Stesheni ina geti la pili, lakini halifunguki. Mbele yake ndipo kamati inaporundika mawe ambayo wenyewe hawakuyaona. Nilimwomba mlinzi, Mbaruku, ayaondoe. Akanijibu kwa upole kabisa: "Mzee, hizi ni mali za watu. Akija mwenyewe, nitamwambia nini?" Lundo sasa limenipita kimo, na mimi si mfupi.

4. Jirani yangu Bi Mwanamkuu hajui mpira una pembe ngapi. Yeye kila Jumapili humpelekea dada yake mgonjwa chakula kule Pugu. Jumapili iliyopita aliweka jiwe lake alfajiri, akawa wa saba. Jioni akarudi na sufuria yake, akainama kuliokota, na washabiki wakapita juu yake. Mkono umevunjika mahali pawili. Treni ikaondoka, wali ukabaki kwenye reli, na dada mtu akalala na njaa. Kesho yake kamati ilikwenda kumjulia hali hospitali, ikampelekea jiwe lake. "Pole, dada," Ndugu Awadhi alimwambia. "Nafasi yako tumekutunzia."

Kwa kuwa kamati inathamini mawe kuliko wenye mawe, naomba izifikishe fikra zake mwisho. Mawe yapande treni, sisi tubaki. Jiwe halisukumani, haliimbi, halimtukani mwamuzi, wala halivunjiki mkono. Yapewe viti, tofali likae daraja la kwanza, na yakifika Pugu yapokewe na wajumbe. Mafarao walipanga mawe miaka na miaka, na hakuna hata mmoja aliyedai kwamba anapanga abiria.

Likishindikana hilo, nina ombi dogo, nalo ni la kweli. Jumapili hii kuna mechi tena, na Bi Mwanamkuu atakwenda Pugu, na plasta yake mkononi, kwani dada yake hana mwingine. Mawe yafutwe. Geti la pili liondolewe lundo, wapite hapo wagonjwa, wazee na wenye mizigo. Washabiki wapite la kwanza, wasimame kwa miguu yao wenyewe, kidogo kidogo. Tulihubiriwa kujitegemea, tuanze na kujisimamia.

Wasalimie wote chumba cha habari, na yule mpanga chapa ambaye mwaka jana aliliacha jina langu nje. Simdai kitu, ila safari hii nalisubiri.

Wako katika ujenzi wa taifa, hata kama ni kwa mawe,
Marcelino Nandonde

N.B. Barua hii nimemsomea Bi Mwanamkuu. Alisikiliza yote, kisha akaniuliza jambo moja: "Jirani, mpaka Jumapili watakuwa wamelifungua hilo geti la pili?" Kamati naijua. Kwa hiyo nimemtangulizia jiwe. Nimelichagua refu la kufika kiunoni, asije akainama tena, na Mbaruku na wenzake wanne wamenisaidia kulibeba. Liko namba moja, katikati kabisa ya geti la kwanza, na halisogezeki. Tafadhali, mawe yafutwe kuanzia Jumatatu.